Piko ya Mzee Ngala

"Piko!" Everlyne alirudia, na wazee wote walioketi kwenye mabenchi ya kanisa wakaangua kicheko. "Baba Ngala, nakuuliza ruzuku ya serikali utaitumiaje, nawe wanitajia piko? Kwani unaoa?"

Mzee Ngala alicheka nao kidogo, akaishika kofia yake. Nywele zilizochungulia chini yake zilikuwa nyeusi ti, na uso umekunjamana wote.

"Piko kwanza, mwanangu. Unga baadaye."

Everlyne alikuwa msichana wa Malindi mjini. Fedha za wazee ndiyo kwanza zinaingia upande ule wa Junju, naye aliletwa awafundishe wapokeaji wapya kuzigawa, zisiishe siku ileile zilipopokewa. Alikwisha ona wazee wakinyang'anywa na wajukuu, wengine wakizimaliza mangweni kwa ulevi wa mnazi. Lakini piko, jamani! Rangi nyeusi wanayojichora maharusi mikononi! Hilo hakulitarajia.

Mafunzo yalipokwisha, akamfuata mpaka nyumbani. Paa la makuti lilikuwa limetoboka, na Nyevu, mkewe mzee, alikuwa akichemsha mchicha mtupu. Everlyne aliona uchungu, kisha akapandwa na hasira.

"Shikamoo, mama. Hebu nisaidie. Baba ataka kujipamba, na humu ndani hamna hata unga."

Nyevu alimtazama mumewe kwanza. "Marahaba. Mwachie piko yake, mwanangu."

"La, sikubali! Mvi ni baraka, baba, si aibu. Tena wakubwa wakisikia pesa zao zaishia kichwani, watakufuta."

Hilo la kufutwa alilitunga papo hapo, amtishe tu.

Mzee alilitazama paa, akamtazama mkewe aliyekonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana. Mtu ana njaa, na mkewe ana njaa, afanyeje?

"Haya," akasema. "Tununue unga."

Basi wakapanga upya wote watatu: unga, makuti ya paa, na kuku wa kufuga, maana haba na haba hujaza kibaba. Everlyne alirudi mjini moyo mweupe. Kila alikokwenda kufundisha alimtolea mfano mzee huyo. Hata aliyezoea urembo hufundishika, alisema, na watu wakacheka.

Malipo ya pili yalipotoka, alikwenda kumpongeza. Kuku walikuwa wakichakura uani, na paa lilikuwa jipya. Nyevu alikuwa ameketi peke yake, amejitanda kaniki, na kando ya minazi palikuwa na kaburi bichi.

"Walimvamia shambani na mapanga," Nyevu alisema. "Vijana wetu wenyewe, wa ukoo."

Everlyne aliketi chini kwenye mchanga, akalia kwa sauti.

"Ni hizi pesa, mama! Ni mimi niliyewaletea! Wamemuua kwa sababu ya hizi pesa!"

"Pesa hawakuzigusa, wala kuku." Nyevu aliivuta kaniki yake mbele, ikamfunika kichwa chote. "Mtoto wa jirani alikufa kwa homa. Wakatoka kumsaka mchawi, wakaenda moja kwa moja kwa mwenye mvi."