Kivinjari Kilichomjua Digidigi

Digidigi alikuwa mvivu wa kuandika, na kivinjari cha simu yake kilimdekeza. Akigusa herufi moja tu kinammalizia: kichaka anacholala, kijito anachonywea, saa anayotoka.

"Mzee Kobe, hamia huku," alisema. "Hicho chako hakikumbuki kitu."

"Ndiyo maana nakipenda, mjukuu wangu," Kobe alijibu, akidonoa neno zima kwa ukucha.

Kesho yake Digidigi alikwenda kijitoni, akamkuta Chui amejilaza, hana haraka.

"Umejuaje, bwana?" Digidigi aliuliza, akirudi nyuma.

"Nami natumia hicho hicho," Chui alisema, akiweka simu chini. "Nimegusa D tu, kikanimalizia."

Matanga yalikaliwa siku tatu. Waombolezaji waliitafuta njia ya matangani kwa kivinjari kile kile, maana kuandika neno zima kunachosha.