Nyegere na Ugoro wa Pimbi

Zama za baraza la wanyama, hakimu alikuwa Nyegere, mkali asiyejua kusamehe. Siku moja Kima akamburuta barazani Pimbi mdogo, aliyekutwa na ugoro kwa mara ya kwanza.

"Mzee, sheria inasema afukuzwe msituni, nami nipewe tuzo yangu!"

Nyegere akaunusa ule ugoro. Harufu ikamrudisha utotoni, siku aliyokamatwa nao yeye. Marehemu Mhanga, hakimu wa wakati ule, hakumfukuza. Alimpa jembe, wakapalilia pamoja kutwa nzima wakizungumza. Tangu hapo Nyegere hakuugusa ugoro tena. Machozi yakamlengalenga.

"Mjukuu wangu, kesho njoo tupalilie. Ila niambie, nani alikuuzia?"

Pimbi akanong'ona, "Ni huyu aliyenileta, babu."

Jioni ile alifukuzwa mmoja msituni, naye ni Kima.