Orodha ya Mama Simu

Mgonjwa wa kumi na nne naye hakupokea. Mama Simu aliiacha iite mpaka ikakatika yenyewe, akatia alama ya tatu pembeni ya namba, kisha akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa kishule: hana malalamiko.

Ndiyo kazi iliyompa hilo jina, mwaka wa nane sasa, katika kliniki ya maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Kila baada ya miezi mitatu huwapigia wote wanaomeza vidonge vya muda mrefu, cheupe cha kichwa asubuhi, cha njano cha usingizi jioni, akawauliza kama vinawasumbua. Anayelalamika huandikiwa malalamiko yake. Asiyepokea mara tatu kwa siku, basi, fomu haikuwa na nafasi yake. Daktari mkuu alikwisha kuwachekesha wote kwa hilo: "Anayeumwa hapuuzi simu ya hospitali, jamani. Ukiona hapokei, jua yuko zake sokoni anabishana bei."

Siku hiyo Mama Simu alikuwa mwepesi wa moyo, si kama juzi. Juzi, Jumapili, alikwenda kumwona dada yake, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamkuta jikoni kaketi na kiatu kimoja mkononi, hajui alitaka kukifanyia nini. Dada naye alikuwa kwenye vidonge hivyohivyo, mwaka wa tano. Na aliyempeleka kliniki ni Mama Simu mwenyewe, baada ya kumwona anakonda kwa kichwa kumgonga na kukesha macho makavu.

"Mdogo wangu, nataka kuviacha hivi vidonge," dada alisema. "Nasahau mpaka jina la jirani. Na shemeji yako anasema nikilala pumzi inakatika, inakaa weee, ndipo inarudi. Majuzi kanitikisa mpaka akalia, mwanamume mzima."

"Ukiviacha hutalala, dada. Umesahau ulivyokuwa?"

"Hilo peke yake ndilo sijalisahau." Wakacheka, lakini dada ndiye aliyeacha kwanza. "Basi kawaulize wakubwa wako. Ukiniambia niache, naacha. Ukiniambia niendelee, naendelea. Mimi nakuamini wewe, hao wengine siwajui."

Jamani, mtu akikuambia hivyo utapata wapi raha? Jumatatu, kabla hata hajavua koti, Mama Simu alimfuata daktari mkuu ofisini kwake. Alieleza yote, la kusahau na la pumzi. Daktari hakukasirika. Alivuta mtoto wa meza, akatoa kijitabu chenye jalada la kung'aa.

"Soma mwenyewe. Wagonjwa mia nne na sita, miaka saba. Wenye malalamiko mazito, watatu. Hata maji ya bomba hayana sifa hiyo."

Mama Simu akasoma, akarudia.

"Na hesabu hizi hazikutoka ng'ambo," daktari aliongeza. "Zimetoka kwenye simu zako wewe. Sasa wewe ukiwa na wasiwasi, sisi tumwamini nani?"

Mama Simu alitoka pale kifua mbele, tusifiche. Akampigia dada yake papo hapo ukumbini. "Endelea, dada. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nimeona kwa macho yangu."

"Haya, mdogo wangu. Umenitua mzigo."

Hiyo ilikuwa jana. Leo, saa tisa alasiri, alikuwa kwenye mzunguko wa tatu wa orodha, na namba ya ishirini ilikuwa ya dada. Saa tatu asubuhi hakupokea, Mama Simu akatabasamu: kalala huyo, mwache afaidi. Saa sita hakupokea, moyo ukamdunda kidogo, akajikaripia, maana dada huyu simu huiacha chumbani akenda zake kufua uani. Sasa akapiga tena. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Alishika kalamu akasita. Angeweza kuuruka mstari ule mpaka kesho. Lakini saa kumi daktari anataka orodha mezani, na akianza kuwapendelea ndugu zake, nani ataiamini tena kazi yake? Akaandika kama alivyowaandikia wengine. Jioni atampitia amtanie, hata simu ya mdogo wako unaidharau siku hizi.

Alikuwa kwenye namba ya ishirini na nane mlango ulipofunguliwa bila hodi. Shemeji yake aliingia, shati kaligeuza nje ndani, akasimama mbele ya meza. Mkononi alikuwa na simu ya dada.

"Niliiona ikiita," alisema. "Ya asubuhi niliiona, ya mchana niliiona, na hii imenikuta getini kwenu. Nikashindwa kupokea, shemeji. Hakuamka. Nimemtikisa, nimemtikisa, hakuamka. Nikasema hili haliambiwi kwenye simu, acha wamchukue kwanza, ndipo nije mwenyewe."

Mama Simu hakulia. Alikuwa ameinamia orodha. Juu ya mstari wa dada yake, kwa mwandiko uleule mzuri, walikuwapo kumi na mmoja ambao hawakupokea siku hiyo, wote hawana malalamiko, na saba kati yao ulikuwa mwaka wa tatu sasa hawajapokea.