Bahasha Chini ya Redio

Miezi minne bahasha ya majibu ya vipimo vyake ilikaa chini ya redio. Kila asubuhi Mbaruku aliapa kuifungua, na kila asubuhi aliiacha palepale.

"Huna nia tu, Baba Rehani," mkewe Mwanaidi alimwambia. "Kuchana karatasi nako kunakushinda?"

"Basi ichane wewe."

Mwanaidi aliinyakua, akapenyeza kidole penye gundi. Kidole kikakwama hapo.

"Ngoja kwanza," akasema, "nikaangalie maharage yasije yakaungua."

Akairudisha chini ya redio, akaenda jikoni. Mbaruku alimsikia akifunua sufuria na kuifunika, akifunua na kufunika. Moto ulikuwa haujawashwa tangu jana.