Presha ya Mama Mkwe

Mshamu aliingia uani kwa mama mkwe wake na mashine ya kupima presha kwapani. Alimkuta Zaituni, mkewe, anamlisha mama yake uji kwa kijiko. Kiharusi kilikuwa kimelaza upande mmoja wa Bi Mwanamkasi, na uji ukamchuruzika kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari wangu. Umekuja kupima maiti?"

Alicheka peke yake. Mshamu hakuwa daktari, alikuwa anazungukia nyumba za watu kwa ajili ya utafiti wa presha. Mwaka jana alipofika hapa aliona haya. Amshike mkwe mkono ulio wazi, ampandishe mkono wa gauni mpaka begani? Basi akabuni namba nzuri, akaijaza kwenye fomu, akamwambia, "Mama, uko salama."

"Mimi sielewi," Zaituni alisema. "Si ulimpima mwenyewe? Si ulisema hana presha?"

Mshamu akainamia fomu.

"Muache mwenzio," Bi Mwanamkasi alisema kwa taabu. "Alinipima. Alinibana mkono mpaka nikapiga kelele. Chumvi yangu ndiyo iliyoniponza."

Mshamu akamtazama. Mama mkwe naye alikuwa anamtazama, bila hasira.

"Haya, pima, mwanangu."

Akauvuta mkono wa gauni kwa meno, akamnyooshea mkono wake mzima. Mshamu akaufunga mpira wa mashine, akabonyeza. Namba zikaanza kupanda, zikapanda tu, na Zaituni akasogea karibu kuzisoma.