Swali la Ruta

Siku hizi hakuna nywila. Ruta ya intaneti ya kila nyumba inakuuliza swali kuhusu mwenye nyumba, na jibu analijua anayeishi naye tu. Ni rahisi, na mwizi hapiti.

Leo asubuhi ruta yetu ikaniuliza mume wangu Makame anapenda chai ya nini.

"Tangawizi," nikajibu. Miaka kumi na moja namchemshia mimi.

Ikakataa. Nikarudia kwa ukali, ikakataa tena.

Jirani yangu Biubwa, ambaye sijawahi kumkaribisha ndani, alikuwa mlangoni, amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Akasema bila kufikiri, "Si mchaichai, shoga?"

Taa ikawa ya kijani.

"Karibu tena, Biubwa," ruta ikasema.

Mbuzi sikumpa.