Utafiti wa Kurudiwa

Bruce alipomwona Christella akija koridoni, aliingia maabara na kufunga mlango kwa ndani. Christella akasikia ufunguo ukizunguka. Akabaki amesimama nje kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Hadi juzijuzi, maabara hiyo ilikuwa yake. Humo ndimo alimofanyia utafiti wa sufuria, zile za alumini zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu na kuuzwa kila soko la Kigali. Watu walinong'ona kwamba zinatia madini ya risasi kwenye chakula, yale yanayodumaza akili za watoto wadogo. Christella akachemsha maji ya ndimu katika kila sufuria, akayatia dawa inayoyabadili rangi yakiwa na madini hayo, kisha akalinganisha na maji yaliyochemshwa kwenye sufuria moja ya zamani anayoijua kuwa safi. Hakuona tofauti. Sufuria za sokoni zikatoka salama.

Chuo kilikuwa kichanga na kilikuwa na njaa ya jina. Siku alipowasilisha matokeo, walimu walipiga makofi, wakamshukuru kwa wasilisho zuri, na hakuna aliyeuliza swali, maana pale kumuuliza mwenzako swali mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Mkuu wa utafiti, Dokta Zephaniah, aliyekulia Mwanza, hakuipenda kabisa adabu ya namna hiyo. Akaleta desturi yake: kabla utafiti haujatoka nje ya chuo, mwenzako aurudie mwanzo hadi mwisho. Walimu waliiita kamati ya wivu, ila kwa sauti ya chini.

Wa Christella akapewa Bruce.

Tena Bruce, ambaye mkataba wake ulikuwa unaisha pamoja na wa Christella, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Hapo hahitajiki mtu wa kueleza. Makala ikichapishwa, Christella anabaki. Ikikwama, hajui mama yake na bintiye Ihirwe, kule Kabuga, watakula nini.

Kwanza Bruce aliacha kunywa chai naye. Kisha akawa haishi kuingia ofisini kwa Dokta, na Christella akipita, wawili hao wananyamaza. Halafu akaenda kununua sufuria mpya ya chuma kisichoshika kutu, ya bei ghali, ambayo haikuwamo kabisa kwenye utafiti. Christella aliposikia hayo, akajua anatiliwa mchanga kitumbua chake. Huko hakukuwa kurudia, kulikuwa kumchimba.

Alhamisi asubuhi walikutana ngazini, pasipo na pa kukwepana. Bruce akamsalimia akiwa anatazama chini, kisha akauliza:

"Na Ihirwe, ameanza kuongea?"

Ihirwe alikuwa ametimiza miaka mitatu na bado hajapita neno "mama". Lilikuwa jambo la nyumbani, Christella alimwambia Bruce siku moja enzi za chai. Sasa damu ikamchemka. Mtu anakunyang'anya kazi, halafu anajifanya anakuonea huruma kwa mtoto. Akamjibu kwamba mtoto wake hamhusu, akapanda zake.

Bruce hakukasirika. Alimwangalia tu, kwa macho ya mtu aliyefika msibani, na Christella akaogopa kuliko alivyokuwa ameogopa wiki nzima.

Kabla ya saa sita akaitwa kwa Dokta Zephaniah. Bruce alikuwa amekwisha kukaa. Dokta akafunga mlango mwenyewe, akamwambia katibu asimpitishie simu. Christella akaona heri aanze yeye. Akasema anajua kila kitu: Bruce anataka nafasi, Bruce amepindisha kazi kwa sufuria isiyohusika, na kama wanataka kumfukuza wamwambie usoni. Hakuna aliyemkatiza. Maneno yakamwishia mwenyewe.

"Kazi yako ni ya kweli," Dokta alisema. "Bruce amepata rangi zilezile ulizopata wewe. Hakuna aliyekushtaki."

Christella akauliza kama basi makala inatoka.

"Haitoki."

Akamgeukia Bruce, akitafuta tabasamu la ushindi ili apate pa kulipuka. Hakuliona. Bruce alikuwa anafikicha viganja.

"Ile sufuria mpya, maji yake hayakugeuka rangi," Bruce alisema. "Yalibaki meupe. Yako yote yalikuwa na rangi, rwose, kabisa, nawe ukadhani ni ya ndimu. Ndiyo maana hukuona tofauti. Nikapima kiasi cha madini hata kwenye yale uliyoyaacha kwenye chupa, ya ile sufuria safi. Nimerudia mpaka leo asubuhi, nilikuwa naomba niwe nimekosea. Kwa kipimo, hayo ya sufuria safi ndiyo yenye madini mengi kuliko yote."

Christella akawaza makala, akawaza mkataba, akawaza jinsi walimu watakavyocheka kwa upole. Akasema basi amekubali, atafuta jina lake, wampe Bruce nafasi. Ilikuwa aibu tupu, lakini aibu hupita.

Dokta Zephaniah hakuonekana kusikia habari ya nafasi. Alivuta kiti chake akakaa karibu naye.

"Dada Christella," aliuliza polepole, "ile sufuria ya kulinganishia ulikuwa umeitoa wapi?"

"Si ni yetu tu, ya siku zote," alisema. "Iko nyumbani. Mama anaipikia uji wa Ihirwe."